Hofu ya mimba na saa 72 zinazopotea kaunta

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Sisi ni wauguzi na wafamasia tunaohudumu Mombasa, na jambo lenyewe ni lile linaloletwa kemisti kwa sauti ya chini, aghalabu Jumatatu asubuhi, aghalabu likiwa limeshachelewa.

Kijana amelala na mwenziwe kwa mara ya kwanza Jumamosi usiku. Jumapili yote imekwenda kwa kuulizana na marafiki kwenye simu kama mara ya kwanza mimba hushika. Jumatatu anasubiri wateja wapungue, anainamia kaunta, anasema "nipatie P2", yaani kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Anapewa, analipa, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza tendo lilikuwa saa ngapi, hedhi ya mwisho ilikuja lini, wala kama ana dawa nyingine anayomeza. Dawa kuuzwa ni sawa, tena isizuiwe. Kuuzwa bila maswali hayo matatu ndiko kunakotukera, na hapa chini tutaeleza kwa nini.

Kwanza tulijibu swali la Jumapili. Ndiyo, mara ya kwanza mimba hushika vilevile kama mara nyingine yoyote. Kizinda hakizibi njia. Kina uwazi wake, na ndiyo sababu msichana ambaye hajawahi kuguswa huona damu ya mwezi. Penye nafasi ya damu kutoka pana nafasi ya mbegu kuingia. Mtu kutokwa au kutotokwa na damu siku hiyo hakusemi lolote kuhusu mimba. Kufanya mkiwa mmesimama hakuzuii, kurukaruka hakuzuii, na kukojoa papo hapo hakuoshi kitu kwa sababu mkojo una tundu lake na uke una lake. Mwanamume kuchomoa kabla ya kumwaga hupunguza hatari lakini hakuiondoi: yale majimaji ya mwanzo huweza kubeba mbegu, na anayefanya kwa mara ya kwanza ndiye hasa asiyejua lini achomoe.

Upande wa pili, kuna wanaoteseka bure. Kukumbatiana na nguo zikiwa mwilini hakuleti mimba, wala choo cha umma, wala bwawa la kuogelea, wala shahawa zilizokaukia kwenye shuka. Shahawa mbichi zikimwagika mlangoni mwa uke, hapo hatari ni ndogo lakini ipo, na mtu ana haki ya kumeza dawa.

Sasa hesabu ya siku, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya kwamba "ilikuwa siku salama". Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu ya mwanamume huweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo siku za hatari ni sita: siku ya yai na tano zinazolitangulia. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya hedhi iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14, na hatari yake ni kuanzia siku ya 9. Mwenye mzunguko wa siku 32 hatari yake ni siku ya 13 hadi ya 18. Lakini mwenye mzunguko mfupi wa siku 24 yai lake hutoka karibu na siku ya 10, kwa hiyo hatari inaanza siku ya 5, pengine damu haijakatika bado. Huyo ndiye anayeambiwa na rafiki yake kwamba akiwa mwishoni mwa hedhi hana la kuogopa. Na wasichana wengi wa miaka 18 au 19 mzunguko wao bado unayumba: mwezi huu siku 26, mwezi ujao 35. Programu ya simu inayowapakia rangi ya kijani na nyekundu inabahatisha kwa wastani tu. Haijui yai lao liko wapi.

Hata hivyo tuweke mambo mahali pake. Hata katika siku zenye hatari kubwa kabisa, tendo moja bila kinga huleta mimba kwa takriban wanawake 20 hadi 30 kati ya 100. Siku nyingine uwezekano ni mdogo zaidi. Kuna hatari ya kushughulikiwa, lakini mtu asijihesabu mjamzito kabla ya jua kuchomoza.

P2, kama watu wanavyoiita hapa hata ikiwa chapa ni nyingine, ni homoni iitwayo levonojestreli, jumla ya miligramu 1.5. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, ili mbegu zife zikilisubiri. Hiyo ndiyo siri ya haraka yote hii. Yai likiwa limeshatoka, au likiwa ukingoni kabisa mwa kutoka, dawa haina la kulifanya tena. Haitoi mimba iliyokwisha kushika, na wala haimdhuru mtoto kama mimba ilikuwapo tayari. Wanaoikataa kwa kudhani ni dawa ya kuavya wanakataa kitu kingine.

Chukua ile Jumamosi, saa tano usiku. Saa 72 za kumeza P2, zinazohesabiwa tangu tendo, zinaisha Jumanne saa tano usiku. Aliyemeza Jumapili asubuhi ana nafasi nzuri kuliko aliyemeza Jumanne jioni, ingawa wote wawili wamo ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Baada ya saa 72 dawa bado huweza kusaidia hadi saa 120, yaani Alhamisi saa tano usiku, lakini nguvu zake zimepungua sana. Watu husikia "siku tatu" wakadhani wanayo nafasi ya kujadiliana. Hawana. Mkazi wa Likoni anayengoja kesho ili avuke feri akanunue mjini, mbali na macho ya majirani, ameshatoa nusu siku kwa ajili ya aibu. Kemisti ya mtaani kwake ina dawa ileile.

Namna ya kumeza. Pakiti nyingine zina kidonge kimoja cha miligramu 1.5, meza, basi. Nyingine zina viwili vya miligramu 0.75. Maelezo ya zamani yalisema kimoja sasa, kingine baada ya saa 12, na bado wapo wauzaji wanaoyarudia. Vimeze vyote viwili kwa pamoja. Matokeo ni yaleyale, na hukwepi tu usumbufu wa kuamka saa tisa usiku, unakwepa pia kusahau. Cha pili kilichosahaulika mfukoni ni sababu moja ya dawa kushindwa. Sababu nyingine, mbaya zaidi, ni wasichana wawili kugawana pakiti moja, kila mmoja kidonge chake: wote wamemeza nusu dozi, wote wamepoteza pesa.

Meza baada ya kula kitu, hata chai na mkate, kwa sababu kichefuchefu ni cha kawaida. Ukitapika ndani ya saa mbili tangu kumeza, rudia dozi nzima. Ukitapika baada ya hapo, dawa imeshaingia. Mwezi wa Ramadhani wako wanaosogeza kidonge hadi futari kwa kuchelea kufungua. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la usiku, kidonge nacho kimezwe usiku huohuo au wakati wa daku, na saa 12 au zaidi hazitapotea.

Hapo ndipo swali la dawa nyingine linapokuja. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, efavirenzi miongoni mwa ARV (dawa za virusi vya Ukimwi), au dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, ini lake huivunja P2 upesi mno. Dozi ya kawaida haimtoshi. Akikosa koili (kifaa cha shaba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba) huongezewa dozi mara mbili, miligramu 3, na hili aliamue mhudumu wa afya. Amoksilini na dawa nyingine za kawaida za maambukizi hazina shida hiyo. Mwenye uzani mkubwa sana pia aambiwe ukweli kwamba kwake P2 hufanya kazi hafifu zaidi. Muuzaji asiyeuliza hawezi kujua lolote kati ya haya, na mteja hatajitangaza kuwa yuko kwenye ARV mbele ya foleni.

Koili ya shaba ndiyo iliyo bora kuliko zote na ndiyo isiyotajwa kaunta kabisa. Ikiwekwa ndani ya siku tano, huzuia mimba kwa zaidi ya wanawake 99 kati ya 100, haijali uzani, haijali dawa za kifua kikuu, na ikibaki humo humkinga mtu kwa miaka mingi. Asiyewahi kuzaa anaweza kuwekewa. Dhana kwamba ni ya waliozaa tu imepitwa na wakati. Lazima iwekwe na mhudumu aliyefunzwa, kwenye kliniki ya upangaji uzazi, na si kila kliniki ina mhudumu huyo kila siku. Kwa hiyo piga simu au uliza kwanza, na usiache kumeza P2 wakati ukingojea.

Yatakayofuata baada ya P2 huwatia watu hofu mpya. Matone ya damu katikati ya mwezi, matiti kuuma, kichwa, uchovu wa siku mbili. Hedhi huweza kuja mapema au kuchelewa kwa siku kadhaa, na wengi huiona ndani ya wiki moja ya tarehe waliyoitarajia. Yale matone yasihesabiwe kuwa hedhi. Tena, kichefuchefu cha kesho yake asubuhi hakiwezi kuwa cha mimba, kwa sababu mimba changa huchukua siku 6 hadi 12 tangu yai litoke kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba. Hicho ni cha dawa, au cha wasiwasi wenyewe. P2 haileti ugumba. Kuimeza mara kwa mara hakuui, ila huvuruga hedhi na ni kinga dhaifu kuliko sindano, kijiti au vidonge vya kila siku.

Kosa linalotuletea mimba nyingi ni hili: mtu humeza Jumapili, akadhani amekingwa mwezi mzima, akarudia Ijumaa bila mpira. Kumbuka dawa imelichelewesha yai tu. Yai hilo sasa linaweza kuwa linakuja wiki hiyohiyo. Atumie kondomu, au aanze njia ya kawaida ya kupanga uzazi, kama sindano, kijiti au vidonge vya kila siku, siku hiyohiyo akiendelea na kondomu kwa siku 7 za mwanzo.

Na kwa kuwa wengi wanaofika kaunta walikuwa na mpira ila ulipasuka, tulitazame hili kwa karibu. Mara ya kwanza kuna wasiwasi, mwili unakaza, uke unakauka. Mwenye busara za nyumbani hufuata mafuta ya nazi, au Vaseline. Mafuta ya aina yoyote huulegeza mpira wa kondomu kwa dakika chache na huchanika ukiwa ndani. Tumia kilainishi cha maji kinachouzwa kemisti. Sababu ya pili ni joto letu: kondomu iliyokaa miezi ndani ya pochi au kwenye sanduku la bodaboda imeshapikwa. Bonyeza pakiti, kama haina hewa ndani, itupe. Soma tarehe. Pasua pembeni kwa vidole, si kwa meno. Bana ncha kabla ya kuikunjua ili hewa isibaki, ikunjue hadi shinani, na baada ya kumwaga mwanamume aishike shinani atoke uume ukiwa bado umesimama. Kuvaa mbili hakuongezi usalama, zinasuguana. Ikiteleza ikabaki ndani, itoe kwa vidole viwili ukiwa umechuchumaa, kisha uanze kuhesabu saa kama asiyetumia kitu.

Hata bibi harusi aliyefundwa na somo wake kila kitu, kuanzia udi hadi mapishi, mara nyingi hajaambiwa hesabu hii. Kama anataka kumaliza masomo kabla ya kuzaa, siku ya kwenda kliniki ni wiki chache kabla ya harusi, si ndani ya fungate.

Dawa za mtaani tuzipitie haraka. Soda, maji ya limau, maji ya chumvi au Jik (dawa ya kupaushia nguo) ndani ya uke haviwezi kufikia mbegu, ambazo huwa zimeshapenya mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Vinachofanya ni kuunguza na kufungulia maambukizi njia. Jik ni sumu. Chai kali na dozi kubwa za dawa za malaria zimewalaza watu hospitalini bila kuzuia chochote. Vidonge vya "mwezi mmoja" vinavyouzwa kichinichini bila usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu tusivitaje zaidi ya kusema msivinunue.

P2 nayo inunuliwe kemisti yenye leseni iliyobandikwa ukutani. Pakiti iwe na boksi lake, nambari ya toleo na tarehe ya kuisha. Ukipewa kidonge kilichokatwa kwa mkasi na kufungwa kwenye karatasi, rudisha. Dawa iliyoanikwa juani siku nzima mezani kwa mchuuzi hakuna anayejua imebaki na nguvu kiasi gani.

Kisha ni kungoja, na kungoja ndiko kugumu. Kipimo cha mimba siku ya tatu au ya saba hakina maana. Kitasema hapana hata kama mimba ipo, kwa sababu homoni inayotafutwa haijaingia kwenye mkojo. Pima siku ya 21 tangu tendo, au siku ya kwanza hedhi inapopitiliza. Kwa tendo la ile Jumamosi yetu, siku ya 21 ni Jumamosi ya tatu baadaye. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye kikombe kikavu kisicho na sabuni. Pakiti ya kipimo ifunguliwe wakati huohuo, kwa maana unyevu wa Pwani huharibu karatasi iliyoachwa wazi. Chovya kisipite mstari ulioandikwa MAX, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kilaze, soma baada ya dakika 5, usisome tena baada ya 10. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika. Mstari wa T ukitokea, hata ukiwa wa kufifia, jibu ni ndiyo. Kivuli cha kijivu kinachojitokeza baada ya saa nzima si jibu. Kupima kwa sukari, chumvi au dawa ya meno ni mchezo tu. Jibu likiwa hapana na hedhi bado haiji, rudia baada ya wiki moja. Mitihani, mfungo, kupungua uzani na P2 yenyewe huchelewesha hedhi.

Jibu likiwa ndiyo, kliniki ya wajawazito ni mapema, na anayefikiria vinginevyo aende hospitali azungumze na mhudumu kwa siri, asiende kwa mtu wa vichochoroni. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kuzimia, au maumivu ya bega pamoja na damu, hayo ni ya hospitali usiku huohuo: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wake.

Inatushangaza kwamba watu wanaogopa mimba kuliko virusi. P2 haikingi Ukimwi, kaswende wala kisonono. Kama hali ya mwenzako huijui, zile saa 72 ni zako tena kwa jambo hili: vidonge vya PEP, vya kuzuia virusi vya Ukimwi visishike, vinavyoanzwa mapema iwezekanavyo na kumezwa siku 28 bila kuruka. Havipatikani kwenye kaunta ya kila kemisti. Nenda hospitali ya umma.

Na palipokuwa na kulazimishwa, usioge, usibadilishe nguo, au ukishabadilisha ziweke kwenye mfuko wa karatasi, usizitie kwenye plastiki. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi huiita Makadara, ina kituo cha kuhudumia walionusurika, na matibabu hayo hujumuisha P2 na PEP. Hakuna haja ya kupitia polisi kwanza ndipo utibiwe. Nambari 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Aliye chini ya miaka 18 kisheria ni mtoto na hawezi kusemwa aliridhia. Kwake kuna nambari 116, na hospitali itamhudumia.

Ombi letu kwa wenye kemisti ni dogo. Tengeni pembe moja ya kaunta ambapo mteja anaweza kusema bila kusikiwa. Muulizeni: lini, hedhi ya mwisho lini, unatumia dawa gani. Mpeni maji ameze palepale. Andikeni kwa kalamu nyuma ya boksi tarehe ya siku ya 21. Mahubiri mwachieni imamu na padri. Mteja anayehubiriwa leo, siku nyingine atakwenda kwa mchuuzi.

Na kwako, Mhariri: ukurasa wa afya ukiwa na nafasi wiki inayotangulia Idi na ile inayotangulia Krismasi, chapisha jedwali la saa 72, saa 120 na siku 21. Tuko tayari kuliandaa.

Wauguzi na wafamasia,
Mombasa